Singeli yatoka uani: nani mwenye haki ya mdundo wa Dar es Salaam?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

TURUBAI linapofungwa kwenye uwanja mdogo wa mtaa huko Tandale au Mbagala, na spika zikapangwa mbele ya nyumba yenye shughuli, wakazi hawahitaji tangazo jingine. Usiku huo kutakuwa na singeli. DJ ataweka kompyuta yake juu ya meza ya plastiki, MC atashika kipaza sauti, na mdundo utaanza kwenda kwa kasi ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, wakati wimbo wa kawaida wa Bongo Fleva huwa karibu na mapigo 100. Mgeni anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani mashine imeharibika. Mwenyeji wa mtaa huanza kucheza.

Kwa miaka mingi muziki huu ulifika katika ofisi za umma zaidi kwa njia ya malalamiko ya kelele. Leo unapigwa redioni mchana kweupe, unaalikwa katika sherehe za kitaifa na matamasha ya Ulaya, na Serikali imekwisha kueleza nia ya kuupeleka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO). Hata hivyo, wengi wa vijana waliouunda kwa mikono yao hawamo katika daftari lolote: hawajasajiliwa kama wasanii, hawajasajili kazi zao, na hawana karatasi inayoonesha nani alitunga, nani aliimba na nani alitengeneza mdundo. Makala haya yanaeleza muziki huo ulikotoka, sheria inavyosema kuhusu mwenye kuumiliki, na hatua ambazo msanii wa mtaani anaweza kuzichukua.

Viunga vinavyobadilika

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi 5,383,728. Kati yao, 1,346,674 wanaishi Temeke, 1,086,912 Ubungo na 982,328 Kinondoni. Manzese na Mburahati, mitaa inayotajwa mno katika historia ya singeli, bado huitwa Kinondoni katika mazungumzo ya wakazi wa siku nyingi, lakini kiutawala zimo Ubungo tangu wilaya hiyo ilipomegwa kutoka Kinondoni, kama Kigamboni ilivyomegwa kutoka Temeke. Jambo hili linaonekana dogo, ila lina maana kwa msanii anayetafuta kibali au mkopo, kwa sababu anayemhudumia ni afisa utamaduni wa halmashauri anayoishi, si wa halmashauri aliyoizoea katika maneno ya watu.

Mitaa yenyewe imebadilika sura. Mabasi ya mwendokasi yalianza kupita Manzese katika Barabara ya Morogoro mwezi Mei mwaka 2016, na miundombinu ya awamu ya pili ikajengwa katika Barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, unaofahamika kwa kifupi kama DMDP na uliotekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umeweka lami, mifereji na taa katika maeneo yaliyojengwa bila mpango, yakiwemo Tandale, Mburahati, Mwananyamala na Mbagala Kuu. Mahali palipopitika kwa miguu tu sasa bajaji inafika mlangoni, na msanii anaweza kubeba spika zake hadi kwenye shughuli bila kukodi watu wa kuzibeba vichwani.

Lami hiyo hiyo imeleta jambo jingine. Kiwanja kilichoachwa wazi kwa sababu hakuna aliyekitaka, mahali ambapo turubai lilifungwa na watoto wakacheza mpira, kimepata thamani. Kinajengwa fremu za maduka. Muziki uliozoea uwanja wa bure unajikuta ukisogezwa barabarani, na barabarani unakutana na sheria.

Kutoka ukumbi wa shirika hadi kinanda cha Casio

Viunga hivi havikuanza kupiga muziki jana. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, ambayo kadiri jina la chama lilivyobadilika iliitwa JUWATA na baadaye OTTU, na leo wapenzi wake wanaijua kama Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ilianzishwa Mlimani Park Orchestra, ambayo baadaye ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam (DDC) na iliyojipa mtindo wa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa pwani hii. Kumbi kama DDC Magomeni Kondoa na Vijana Kinondoni zilikuwa shule za usiku za mji mzima. Baadaye Mango Garden ya Kinondoni ikawa makao ya African Stars, maarufu kama Twanga Pepeta.

Bendi hizo zilikuwa na mwajiri. Shirika lilinunua magitaa, likalipa mishahara, na nyimbo zikarekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, ambako kanda zake zimehifadhiwa na leo ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Mwanamuziki wa enzi hiyo alikuwa na uhakika wa mshahara wa mwisho wa mwezi, lakini si wa wimbo wake. Wimbo ukishaingia katika kanda ya redio, malipo yake yaliishia hapo. Kumbukumbu hiyo inafaa kuwekwa mbele, kwa sababu wapo wanaodhani tatizo la mtunzi kutofaidika na kazi yake limeletwa na intaneti.

Sambamba na kumbi, uani kulikuwa na muziki wake. Harusi, unyago na shughuli za Wazaramo ziliendeshwa kwa ngoma kama vanga na mdundiko, na humo ndimo kulimozaliwa mchiriku. Vijana walichukua ngoma za jadi, wakaongeza kinanda kidogo cha Casio, kile kilichotengenezwa kama mchezo wa watoto, wakakiunganisha na vipaza sauti chakavu hadi sauti ikakwaruza, na mkwaruzo huo ukapendwa kuliko sauti safi. Kundi la Jagwa Music, lililoundwa Mwananyamala mwaka 1992, ndilo linalojulikana zaidi. Miaka 20 baadaye, mwaka 2012, kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu yake iitwayo Bongo Hotheads, na kundi lililozoea kupiga kwenye uchochoro likazunguka katika majukwaa ya Ulaya. Wengi wa wakazi wa Oysterbay, umbali wa dakika chache kwa gari, hawajawahi kuliona.

Miaka ya 1990 ndiyo pia iliyoleta taarab ya mipasho, iliyochochewa na ushindani wa Tanzania One Theatre (TOT), iliyoanzishwa mwaka 1992, na Muungano Cultural Troupe. Redio binafsi zikaanza, na mwaka 1996 neno Bongo Fleva likasikika kwa mara ya kwanza kupitia Radio One. Temeke ilikuwa na sauti yake katika muziki huo mpya: Gangwe Mobb ya Inspekta Haroun na Luteni Kalama, kisha Juma Nature na kundi la TMK Wanaume, lililoufanya ufupisho wa jina la wilaya kuwa jina la fahari. Tandale ikamlea Diamond Platnumz. Lakini kadiri Bongo Fleva ilivyokua, ilihamia kwenye studio za gharama kubwa na video za gharama kubwa zaidi, na kijana wa uani asiye na fedha ya studio akabaki nje ya mlango.

Singeli iliingia katika nafasi hiyo. Katikati ya miaka ya 2000, katika shughuli za usiku kucha zilizopewa jina la vigodoro, DJ walianza kuchukua vipande vifupi vya vinanda na magitaa ya taarab na mchiriku, wakavirudiarudia na kuviongeza kasi, huku MC akichana juu yake bila kuandika. Vifaa vilikuwa kompyuta iliyotumika na programu za kuchanganyia muziki kama Virtual DJ na FL Studio. Nyimbo zilisambaa kwa simu, kutoka kadi ya kumbukumbu moja hadi nyingine, kupitia vibanda vya kuingiza nyimbo na madereva wa bajaji.

Uchumi wake nao ulikuwa wa mtaani. Anayelipia spika mara nyingi ni kikundi cha akina mama wa kikoba kinachomfanyia mwenzao shughuli, na MC hupata sehemu kubwa ya fedha yake kwa kutunzwa: anamtaja mtu jina, anamsifu, anaitaja familia yake, na aliyetajwa anainuka na noti mkononi. Ndiyo maana maneno ya singeli yamejaa majina ya watu na mitaa. Anayeisikiliza kama fasihi anakutana na ufundi wa kale wa kusifu na kusuta, uliomo pia katika taarab na katika mashairi ya majibizano, ila umefungwa katika kasi isiyompa msikilizaji nafasi ya kukasirika.

Mwaka 2016 wimbo wa Man Fongo, Hainaga Ushemeji, ulivuka mipaka ya uswahilini na kupigwa nchi nzima. Msaga Sumu, Sholo Mwamba na Dulla Makabila wakawa majina yanayojulikana, na kituo cha EFM cha Dar es Salaam kikautengea muziki huu muda wake wa kudumu. Mwaka uliofuata kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda, ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso, iliyoko Mburahati. Mwaka 2018 zikafuata albamu za Jay Mitta na Bamba Pana, na mwaka 2019 ya Duke. Vyombo vya habari vya muziki vya Ulaya na Marekani vikaandika kwa mshangao kuhusu chumba kimoja katika mtaa wa Dar es Salaam. Mwaka 2023 D Voice, kijana aliyetokea katika singeli, alisainiwa na lebo ya WCB Wasafi.

Wimbo mmoja, wenye haki wangapi?

Mfano wa kawaida unasaidia kueleza mgogoro uliopo. Kijana wa Mburahati anatengeneza biti usiku mmoja. Kinanda chake amekitoa katika wimbo wa taarab wa miaka ya 1990. MC wa Manzese anafika, anachana kwa dakika tano, analipwa nauli au halipwi kabisa. Wimbo unatumwa kwa simu kwa rafiki mwenye ukurasa mkubwa mtandaoni, naye anaupandisha kwa jina lake. Miezi mitatu baadaye unapigwa kwenye tangazo la biashara. Nani anapaswa kulipwa?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inajibu kwa kutenganisha haki tatu ambazo mtaani huchanganywa kuwa moja. Ya kwanza ni hakimiliki ya mtunzi: aliyetunga maneno na aliyetunga muziki. Haki hii huanza kazi inapoundwa, bila kusubiri usajili, na hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ya pili ni hakishiriki ya mwimbaji au mpigaji kwa utendaji wake. Ya tatu ni hakishiriki ya mtayarishaji wa rekodi, yule ambaye mtaani huitwa prodyuza. Katika singeli mtu mmoja anaweza kuwa na haki mbili kati ya hizo, au zote tatu, lakini kuwa na studio hakumfanyi mtu kuwa mtunzi wa kila kilichorekodiwa ndani yake, na kuwa na sauti hakumfanyi MC kuwa mmiliki wa biti.

Mtu aliyepandisha wimbo mtandaoni kwa jina lake hana haki yoyote kwa kitendo hicho peke yake. Uhamisho wa hakimiliki unatakiwa uwe kwa maandishi. Maneno ya mdomo, ujumbe wa sauti au shukrani mbele ya mashahidi si uhamisho. Tena, mbali na haki ya fedha, sheria inampa mtunzi haki ya kimaadili, yaani kutajwa kuwa ndiye mtunzi na kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima.

Upande wa pili wa mizani ni ile taarab ya miaka ya 1990. Aliyeipiga naye ni mtunzi, huenda bado yu hai na anaishi mtaa wa tatu kutoka studio hiyo. Kipande cha kazi yake kinapogeuzwa kuwa msingi wa kazi mpya inayouzwa, ruhusa yake inahitajika. Wengi wa watengenezaji wa singeli hawakulijua hili walipoanza, kwa sababu muziki wao haukuwa ukiuzwa. Ulikuwa ukichezwa uani na kusahaulika asubuhi. Sasa unauzwa. Na pale kinachotumika si wimbo wa mtu anayejulikana bali ngoma ya jadi isiyo na mtunzi mmoja, sheria hiyo hiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, ambapo matumizi ya kibiashara nje ya mazingira yake ya asili huhitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA).

Mtu anayedhani kwamba hayo ni mambo ya mawakili atazame Msasani, ndani ya Kinondoni. Huko, mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga, kijana aliyetoka Tunduru, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972 baada ya kupigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa kuwa mhalifu, akiwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake na jamaa zake waliendeleza mtindo huo, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kinachobeba jina lake. Leo picha za Tingatinga zinauzwa kutoka Zanzibar hadi Japani, nyingi zikiwa zimechorwa na watu wasio na uhusiano wowote na ushirika huo. Hata kwa hesabu ya miaka 50 baada ya kifo, ulinzi wa picha alizochora mwenyewe ulifikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2022. Mtindo wenyewe haukuwahi kuwa mali ya mtu, kwa sababu hakimiliki hulinda kazi, haimlindi mtu aliyeanzisha namna ya kuifanya. Kilichowapa wachoraji wa Msasani nguvu ya kujadiliana na wanunuzi ni ushirika wao: daftari la wanachama, paa la pamoja na saini chini ya kila picha.

Taratibu za kufuata

Hatua ya kwanza ni usajili wa msanii au kikundi BASATA, chombo kilichoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984 baada ya kuunganishwa kwa mabaraza yaliyotangulia, likiwemo la muziki lililoanzishwa mwaka 1974. Usajili huu ndio unaomtambulisha msanii mbele ya vyombo vingine vya umma, na bila huo hawezi kupata kibali cha onesho la kulipia kiingilio kwa jina lake.

Hatua ya pili ni kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Kama ilivyoelezwa, haki haizaliwi na usajili. Usajili ni ushahidi. Siku watu wawili watakapodai wimbo mmoja, karatasi yenye tarehe, nakala ya kazi na majina ya walioshiriki itasema kabla ya midomo yao. Inafaa fomu ijazwe siku ile ile wimbo unapokamilika, MC na prodyuza wakiwa wamekaa meza moja na kukubaliana mgawo. Makubaliano ya namna hiyo huwa rahisi wimbo ukiwa haujapata jina. Ukishavuma, kila aliyefungua mlango wa studio hukumbuka kwamba alichangia.

COSOTA ilihamishwa mwaka 2020 kutoka wizara iliyosimamia viwanda na biashara na kuwekwa chini ya wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa. Mwezi Januari 2022 iligawa mirabaha ya shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,000. Mwaka huo huo mabadiliko ya sheria yaliigeuza kutoka chama na kuwa ofisi ya usimamizi, huku kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha ikifunguliwa kwa taasisi za wenye haki wenyewe zinazopewa leseni. Imewekwa pia tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyoweza kunakili kazi za sanaa, ili kadi ya kumbukumbu iliyobeba nyimbo bila malipo kwa miaka mingi ichangie kitu kwa waliozitunga.

Hapa lipo jambo ambalo wasanii wa singeli wanapaswa kulielewa mapema. Mgawo wa mirabaha hutegemea kumbukumbu za matumizi, hasa taarifa za nyimbo zilizopigwa na vituo vya redio na televisheni. Wimbo unaotikisa daladala za Mbagala na baa za Tandika lakini haupigwi redioni hauachi alama katika taarifa hizo. Kwa muziki uliokulia kwenye spika za mtaani, hili ni pengo halisi, na halitazibwa na msanii mmoja mmoja. Vikundi vilivyosajiliwa ndivyo vyenye nafasi ya kulifikisha katika taasisi za kugawa mirabaha na kudai namna bora ya kuhesabu.

Kuhusu mitaji, zipo njia mbili za umma. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo kwa wadau wa sanaa kwa kushirikiana na benki za biashara. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili kupisha maboresho ya utaratibu, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Mikopo hutolewa kwa vikundi vyenye shughuli inayoeleweka. Studio ya kurekodi ni shughuli inayoeleweka, mradi waombaji waeleze vifaa, gharama na wateja wao kwa namna ile ile ambayo kikundi cha ufugaji wa kuku kingefanya.

Kelele

Haiwezekani kuzungumzia singeli bila kurudi kwenye malalamiko. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa darasa la saba, mgonjwa aliyelala, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, wote wanaishi ukuta kwa ukuta na shughuli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinaweka viwango vya sauti, vikiwa vya chini zaidi usiku na katika makazi, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) limepewa uwezo wa kuchukua hatua. Vigodoro vya usiku kucha vimepigwa marufuku mara kadhaa katika maeneo mbalimbali ya jiji, si kwa kelele pekee bali kwa uhalifu unaojificha ndani ya umati na kwa watoto kukutwa humo usiku wa manane.

Marufuku peke yake ina historia yake. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana waliendelea kuusikiliza. Kinachoonekana kufanya kazi ni muziki kupewa mahali na saa. Ukumbi wa Dar Live, uliofunguliwa Mbagala mwaka 2011, ulionesha kwamba wakazi wa Temeke wapo tayari kulipa kiingilio karibu na nyumbani kwao badala ya kuvuka mji. Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008, inawapa wachoraji na wanamuziki vyumba vya kazi katika eneo la viwanda, mahali ambapo mazoezi hayamwamshi mtu. Kijiji cha Makumbusho cha Kijitonyama kimekuwa kikionesha ngoma za jadi kwa miaka mingi. Lakini Tandale, Manzese na Mburahati zenyewe hazina ukumbi wa umma wa kiwango hicho, na ndiko muziki ulikozaliwa.

Kwa mwenye shughuli, utaratibu ni kuanzia ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kata, afisa utamaduni wa halmashauri na polisi, akieleza mahali, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kibali cha saa nne usiku hakigeuki kuwa cha alfajiri kwa sababu wageni wamechelewa.

Njia ya UNESCO

Tanzania iliridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa Kulinda Urithi wa Utamaduni Usioshikika mwaka 2011. Chini ya mkataba huo, kabla urithi wowote haujapendekezwa, unatakiwa kwanza uwe katika orodha ya taifa, na jamii yenye urithi huo itoe ridhaa yake kwa hiari baada ya kuelezwa. Rumba ya Kongo, iliyoandikishwa mwaka 2021 kwa maombi ya nchi mbili za Kongo, ilipitia njia hiyo.

Kuandikishwa hakumpi mtu hakimiliki wala hakuleti mirabaha. Kunailazimu nchi kuonesha namna itakavyowezesha urithi huo kuendelea kurithishwa, na jalada lake huhitaji ushiriki wa watu halisi: MC, DJ, watengenezaji wa biti, wachezaji, wamiliki wa spika, akina mama wa vikoba wanaozilipia, na wapigaji wa mchiriku waliotangulia, ambao baadhi yao sasa ni wazee. Maafisa utamaduni wa halmashauri za Kinondoni, Ubungo na Temeke ndio walio karibu nao zaidi. Msanii ambaye hajasajiliwa anaweza kuanza kwa kufika katika ofisi hizo akiwa na kitambulisho chake, nakala za kazi zake, na majina ya wote alioshirikiana nao kuzitengeneza.